Neno Kutoka Upande wa Mama

Bertrams, Johannesburg

Mwanaisha mwanangu,

Umetoka na mumeo Rizal kwenda kuagana na rafiki zako wa Joubert Park, na baba yako yuko msikitini tangu adhuhuri, anajifanya ana shughuli. Umeme umekatika, mashine yangu ya kushonea imenyamaza, na mapazia ya watu yatangoja. Kwa hiyo nimepata kalamu na mchana mzima wa peke yangu, kitu ambacho sijakipata tangu ulipozaliwa.

Sitakuandikia habari za sweta, dawa za tumbo wala pasi ya kusafiria. Hayo nimeyasema mpaka umenikata jicho. Una miaka ishirini na miwili, kesho ukipotea kiwanja cha ndege ni shauri yako. Na nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma kwa kusitasita, kidole juu ya mstari, maana wewe nikikuita kwa Kiswahili unaniitikia kwa Kiingereza, na ukigombana unagombana kwa Kizulu. Soma polepole. Usiitie kwenye simu ikutafsirie. Simu haina haya, itayasema mambo yangu vibaya.

Kuna jambo wiki tatu nzima nimelikwepa. Bibi Upik, yule mama wa kijijini kwa kina Rizal anayetaka kukupokea katika ukoo wake, ameweka sharti moja: lije kwanza neno kutoka upande wa mama yako. Kila uliponiuliza nilikujibu, "Nashughulikia, sharp, usijali." Nilikuwa nakudanganya. Sikuwa nashughulikia, nilikuwa naogopa. Leo asubuhi, siku ya mwisho kabisa, ndipo nimekwenda kulitafuta hilo neno. Nitakuandikia nilivyolipata, lakini kwanza uelewe kwa nini lilinikaa kooni.

Unanijua nilivyo mdadisi. Baba yako husema ningekuwa polisi, wezi wote wa Bertrams wangekiri kwa kuchoka na maswali. Siku Rizal alipoingia humu ndani mara ya kwanza, na lile bakuli la nyama aliyoipika kwa tui la nazi mpaka likakauka likawa jeusi, nilisahau kabisa kumkagua kama mkwe. Nilionja nikamwuliza, tui la kwanza au la pili? Akasema yote mawili, saa nne juu ya moto mdogo. Nikajisemea, huyu kwao kuna minazi, huyu si mtu baki.

Hapo ndipo maswali yalipoanza, na wewe katikati unatafsiri huku unaona haya. Kijiji kinaitwaje? Lubuk Jambu. Nilikitafuta kwenye ramani ya simu nikaona kijani kitupu na mto mmoja, hakuna duka wala jina la barabara. Rizal akaeleza kwamba ukishuka kwenye ndege ya tatu, pale Padang, mji mkubwa wa kisiwa chao, unapanda gari saa tano, milima inapanda na kushuka, na mvua ikiwa imenyesha gari linaachwa darajani, mtu anamalizia kwa pikipiki. Wanalima nini? Mpunga, na chini kidogo minazi. Nani mkwezi? Akasema kima.

Nilidhani Kiingereza changu kimenitupa. Kumbe kweli! Wanamfundisha kima tangu mdogo, anafungwa kamba ndefu, anapanda, anaizungusha nazi iliyokomaa mpaka inaanguka, na changa anaziacha. Kazini anapelekwa amekaa nyuma ya pikipiki, abiria kamili. Nikamwuliza maswali ya kima nusu saa nzima. Anakula nini? Akigoma je? Akichoka anashuka mwenyewe au mpaka aitwe? Baba yako akasema, "Sauda, hivi mtoto unamwoza kwa Rizal au kwa kima?"

Lakini kilichonikaa moyoni si kima, ni nyumba. Unakumbuka alivyoichora kwenye karatasi yangu ya kukatia vitambaa: paa limepinda juu mithili ya pembe za nyati, na vyumba vimepangwa mstari mmoja nyuma, kila chumba cha binti mmoja. Nikamwuliza, chako kipi? Akasema hana. Mwanaume hana chumba nyumbani kwa mama yake! Akishakuwa mkubwa analala kwenye kijumba cha kusomea Kurani pamoja na wenzake, na akioa analala kwa mkewe. Nyumba ni ya wanawake, mashamba ya mpunga ni ya wanawake, yanatoka kwa mama kwenda kwa binti, na kwa binti kwenda kwa mjukuu. Hayagawanywi, hayauzwi. Mjomba ndiye mwangalizi, anawasimamia dada zake, ila mali si yake. Ndiyo maana vijana wa huko hutoka kwenda kuhangaika duniani, wengine wanafika mpaka Fordsburg hapa mjini kuwapikia watu nyama.

Baba yako akaacha kutafuna. Yeye, mtu wa Unguja, mtoto ni wa baba na nyumba ni ya baba, basi. Akauliza, "Na hao ni Waislamu?" Rizal akajibu kwa adabu kwamba ni Waislamu sana, na kwamba kwao mali ni za namna mbili. Aliyoichuma mtu kwa jasho lake hugawanywa kwa sheria ya mirathi, kama kwingine kote. Lakini ile iliyotoka kwa mabibi haikuchumwa na yeyote aliye hai, kwa hiyo aliye hai hana cha kugawa. Anailinda tu mpaka zamu yake iishe.

Wewe uliendelea kula. Mimi nilikwenda jikoni nikafungulia bomba. Ulidhani pilipili imenipalia. Nilikuwa nalia, mwanangu, kwa sababu alichokieleza yule kijana wa ng'ambo ndicho kilichokuwa kwetu Moa, kule Tanga, na mimi ndiye niliyekivunja.

Ndiyo maana siku ile mama yake Rizal alipotokea kwenye simu ya video nilifanya nilichokifanya. Alikuwa amekaa barazani, kuku wanapita nyuma yake, ana uso mwema kweli. Akaniuliza, Rizal akatafsiri, "Suku yenu ni ipi?" Suku ndilo jina lao la ukoo wa kikeni. Nikajibu haraka, "Sisi hatuna mambo hayo. Sisi watu wa mjini." Eish! Mtu wa Moa mimi, nimenyonya maziwa ya Kidigo, nasema watu wa mjini. Nilimwona uso umembadilika. Hakunidharau, alinionea huruma.

Sikujua naharibu kiasi gani. Kwao asiye na ukoo wa mama hana nyumba ya kuugulia wala mtu wa kumsemea. Na watoto hufuata mama, kwa hiyo na wako wasingekuwa na kwao. Ndipo wakaanza kukutafutia ukoo wa kukupokea. Wa Rizal haufai, maana wa ukoo mmoja hawaoani. Bibi Upik akakubali, mjane, binti zake wote wametangulia mbele ya haki. Atakupa kile kijumba kilicho ubavuni mwa nyumba yake, na mahali pa kulima.

Niseme ukweli wangu? Uliponipa habari hiyo niliona wivu. Mama mwingine! Nilitupa mkasi ukaenda kugonga ukuta, nikakwambia umeniponyoka. Mimi nimekubeba mgongoni kutoka Tanga mpaka kituo cha Park Station, halafu mtu sijawahi kumwona anatandika mkeka anasema huyu wangu. Nilikaa kimya siku mbili, na unajua kwangu siku mbili za kimya ni ugonjwa.

Halafu likaja lile sharti lake. Bibi Upik alisema hakuna binadamu asiye na mama wa mama yake. Akasema, "Siokoti mtoto ambaye wenyewe siwajui. Kesho watakuja kusema nimewaibia." Anataka neno la mwanamke mkubwa wa nyumba yenu, na nyumba kwake maana yake ni upande wa mama. Bila hilo hakuna karamu Jumapili ijayo, hakuna kijumba, na utakaa mgeni kwa dada zake Rizal, katika nyumba ambayo hata Rizal mwenyewe hana chumba. Nilimpenda yule bibi kwa sharti hilo, na nikaona dunia imenibana. Maana mwanamke mkubwa wa nyumba yetu ni dada yangu Nimwaka, mama yako mkubwa, ambaye hatujasemezana miaka kumi na tisa.

Wewe unajua tu kwamba "tulikosana." Nikueleze.

Bibi yako Mejumaa alikuwa na shamba la minazi pale Moa, na nyumba, na kisima. Nasema alikuwa nalo, lakini yeye hakulisema hivyo hata siku moja. Alikuwa akisema "shamba letu", na letu ni la fuko, ndivyo sisi Wadigo tunavyouita ukoo wa mama. Lilitoka kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake. Binti akiolewa alionyeshwa minazi yake ya kuangua, na akiachika alirudi kwenye minazi ile ile, hakuna aliyemwuliza umerudi kwa nini. Mjomba Hamisi, kaka yake bibi yako, ndiye aliyeliangalia. Alikuwa akifyeka, akipanda miche, akisuluhisha ugomvi, na jioni anakwenda zake kwa mkewe.

Bibi yako alifariki mimi nina miaka ishirini na mitano, wewe una mitatu. Baba yako alikuwa ameshatangulia huku, anaandika, "Njooni, kazi ipo." Mimi nauli sina, na roho inanidunda niione Johannesburg. Nilikuwa naisikia tu, maghorofa, taa za rangi njiani ambazo nyie mnaziita robot, kila mtu ana mashine. Arobaini ilipopita nikamwambia dada Nimwaka tugawane. Akanitazama kama nimetukana. Akasema, "Hili halina kugawana, Sauda. Angua minazi yako ukauze nazi."

Nazi! Mimi nilitaka nauli, si nazi. Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilikuwa nimesoma chuo vizuri, nina sauti, nikisoma Kurani watu wananyamaza. Nikawakusanya ndugu, nikasimama katikati ya ua wa marehemu mama yangu, nikawasomea aya za mirathi. Nikawaambia mnafanya mambo ya kijahili. Mungu amemgawia kila mtu fungu lake, nyinyi ni nani mnaomzuilia mtu haki yake? Nani atasimama kupinga dini mbele ya watu? Wazee wakainamisha vichwa. Lakini Mungu anajua, na mimi najua, kwamba siku ile sikuwa namtaka Yeye, nilikuwa nataka nauli. Nilimtanguliza mbele ili watu waogope kunigusa.

Akaletwa sheikh kutoka mjini, mtu mwadilifu, akapiga hesabu zake. Mabinti wawili, hakuna mtoto wa kiume wala mume aliye hai: thuluthi mbili zenu, moja moja. Thuluthi iliyobaki ni ya kaka wa marehemu. Mjomba Hamisi alikuwa amechuchumaa pembeni anachonga mpini. Akainua kichwa. "Mimi?" akasema. "Mimi ni mlinzi tu hapa. Hili ni la dada yangu na watoto wake." Sheikh akamwambia ndiyo sheria. Mjomba akanigeukia mimi, hakumwangalia sheikh. "Sauda, unanipa kitu ambacho sikukitaka."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilifungua mlango nipite mimi, wengine wakapita nyuma yangu. Mjomba hakuangua hata dafu moja katika fungu lake. Alifariki baada ya miaka miwili, na wanawe, ambao ni watu wa ukoo wa mama yao, wakaja kuchukua haki yao kwa sheria ile ile niliyoiita mimi. Siwalaumu. Wakamwuzia tajiri mmoja wa mjini, yule yule niliyemwuzia yangu wiki ile ile tuliyogawana. Akazungushia ua. Kisima kikabaki ndani ya ua. Dada Nimwaka akabaki na thuluthi yenye nyumba na haina maji, na mpaka leo, nasikia, anachota shuleni.

Siku ninaondoka alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia dada, naondoka. Hakuinua uso. Akasema, "Umeshachukua, nenda. Usirudi hapa kunisalimia."

Mwanangu, usije ukasoma hapa ukadhani nakwambia usidai haki yako. Dai. Sheria haikunikosea, na sheikh hakukosea. Ila mimi nilijifunza kujichunguza ninapoona nasema maneno makubwa. Nikisikia sauti yangu imepanda na nimeshika jambo ambalo hakuna awezaye kulipinga, najiuliza, Sauda, hapa unataka nini hasa? Mara nyingi nataka kitu kidogo tu ambacho naona haya kukiomba. Ningemwambia dada, "Naogopa kubaki, nimechoka kungoja mume, nisaidie nauli," pengine angeuza mbuzi. Sikumpa nafasi hiyo. Nilimpiga na dini kichwani.

Na unajua ile thuluthi yangu iliishia wapi? Nusu ililiwa na mabasi na mipaka, siku sita, wewe unatapika kila tukivuka daraja. Nusu ikanunua mashine ya kushonea pale Joubert Park, kwenye kile chumba tulichogawana kwa pazia na mama mmoja Mkongo msusi. Mashine ikaibiwa mwaka wa pili. Minazi ya mabibi watatu, ikaondoka kwa mlango wa nyuma mimi niko sokoni. Nilicheka siku hiyo, msusi akadhani nimerukwa na akili.

Lakini hata hapo sikujuta bado. Nilijuta zile siku za vurugu za kufukuza wageni, wewe unajiandaa na matriki, mtihani wa kumaliza shule. Unakumbuka mchana ule vijana walipopita barabarani na marungu, wanagonga mageti, na sisi watatu tumejibanza chumba cha nyuma. Baba yako akanong'ona, "Turudi nyumbani." Ukamwuliza, "Nyumbani wapi?" Akasema Unguja, kwa kaka zake, chumba chake kipo. Wewe ukasema nyumbani kwenu ni hapa hapa Bertrams, huendi popote, tena ukasema kwa ukali mpaka nikakufumba mdomo. Halafu mkanitazama mimi. Nikasema, "Nyamazeni, watatusikia." Sikuwa naogopa kusikika. Sikuwa na pa kutaja.

Basi, leo asubuhi. Namba ya dada ninayo tangu mwaka jana, binamu yetu alinipa. Nimeihifadhi kwa jina la Fundi Bomba ili nisiione kila nikifungua simu. Nilifunga mlango, nikapiga.

"Nani?"

"Mimi Sauda."

"Sauda yupi?"

"Sauda wa Mejumaa."

Nikasikia jogoo wake. Kisha akauliza, "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Shikamoo, dada."

Aliiacha shikamoo yangu ikining'inia mpaka nikadhani amekata. Halafu, "Marahaba. Sasa kama hajafa mtu, unapiga kwa nini?"

Nikamweleza. Nilianza vibaya, nikazunguka, nikaanzia kwenye ndege. Nikamwambia umeolewa, baba yako amekuozesha mwezi uliopita, mume ni mtu wa mbali, kwao mali ni ya wanawake. Hapo nikamsikia anavuta kigoda. Unaona, udadisi si wangu peke yangu, ni wa damu.

"Wanalima nini?"

"Mpunga. Na minazi."

"Mkwezi wao nani?"

"Kima."

"Sauda! Miaka kumi na tisa hunipigii, leo unanipigia kuniambia kima?"

"Wallahi dada. Anapanda pikipiki kwenda kazini."

"Analipwa nini?"

"Wanamlisha mayai."

"Mayai! Mkwezi wangu mimi namlisha muhogo, na ananuna." Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake ni cha mama mtupu, kinaanzia puani. Nikaketi sakafuni.

Kisha akauliza polepole, "Na hao wanawake, hawajauza?"

"Hawajauza."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, dada."

Nami nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena. Nikamwambia nilikosa. Nikamwambia sikukosa kwa kudai, nilikosa kwa kumtumia Mungu, na kwamba kisima kile nakiona kila nikifungua bomba. Nililia, sitakuficha. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Wewe ukitaka kitu huwa unapandisha sauti." Basi, hakuongeza. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza.

"Kwa hiyo unataka nimtoe mtoto," akasema.

"Ndiyo. Bila neno lako hawampokei."

"Simtoi."

Niliona Jumapili yako imekwisha, nikakuona umekaa kwenye ngazi za watu na mabegi yako. Nikaanza kumbembeleza, akanikatisha.

"Simtoi, kwa sababu ana kwao. Wewe ulidhani hii iliyobaki nimeiita yangu? Mimi sijaiita yangu hata siku moja. Ni ya mabinti wa Mejumaa. Mimi nina watatu, na huyo wako wa nne. Minazi yake iko pale karibu na choo, minne, mmoja umepigwa radi lakini bado unazaa. Naangua mimi, tunakula, lakini ni yake. Wenzake wote wanajua hii ya Mwanaisha. Una kalamu?"

Nikasema ninayo. Akasema, nikaandika, akaniambia nimsomee, nikamsomea. Akauliza, "Umeongeza neno? Usiongeze." Sikuongeza. Yasome haya mbele ya Bibi Upik na wazee wake, Rizal atafsiri:

"Mimi Nimwaka binti Mejumaa, mkubwa wa nyumba hii ya Moa, nakusalimu wewe mama mwenzangu. Umefanya vizuri kuuliza. Mtoto ana kwao, na kwao ni hapa. Nakuazima, sikupi. Akiumwa muuguze kama wako, akikosa mkanye kama wako. Akizaa binti, binti huyo ana nyumba mbili, yako na hii. Na siku akitaka kurudi asizuiliwe, na sisi hatutamwuliza amerudi kwa nini."

Ukishasoma, mpe Bibi Upik mkono. Mwite mama. Nimeruhusu, na sasa naruhusu kwa moyo, maana anayeazima kitu cha watu hukitunza zaidi ya chake.

Ila kuna moja zaidi. Nilipokwisha kuandika, nikamwuliza dada, "Na mimi?"

Hakukasirika. Alijibu kama mtu aliyeulizwa saa. "Wewe ulichukua chako, Sauda." Nikasema ndiyo. Nikasikia anapiga kelele kuwafukuza kuku, kisha akarudi. "Lakini mwenye kwake akija na mgeni wake," akasema, "sisi mgeni wa mtu hatumfukuzi." Akakata simu.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo, Mwanaisha. Wewe unayeondoka kesho una mahali pawili duniani, na mimi ninayebaki sina hata mahali pamoja, isipokuwa upande wako. Nilitaka kukuandikia kwamba ukichoka urudi nyumbani kwa mama yako. Mama wote huandika hivyo. Mimi naandika kinyume chake. Siku ukienda Moa kuiona minazi yako, nichukue. Upige hodi wewe, utangulie wewe, nami nitasimama nje ya ua mpaka uniambie karibu.

Mgeni wako,
Mama.